Likasi: Namna ya kuchagua skrini ya kompyuta isiyodanganya rangi

LIKASI – Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inaeleza bendera ya taifa kwa maneno machache: bluu ya mbingu, nyota ya manjano kwenye pembe ya juu upande wa kushoto, na mstari mwekundu unaokatiza kimshazari ukiwa umezungukwa na manjano nyembamba. Hakuna namba ya rangi. Mchapaji wa Likasi anayetengeneza kaliko la sikukuu ya tarehe 30 Juni anapaswa kuamua mwenyewe bluu ya mbingu ni ipi, na anaamua kwa kutazama skrini iliyo mbele yake.

Skrini ikiwa na kasoro, kaliko linatoka na bluu iliyogeuka zambarau. Mteja analikataa. Kitambaa, wino na siku nzima ya kazi vinakuwa hasara ya mchapaji.

Hali hiyo hiyo inawakuta wapiga picha wa arusi, mafundi wa mialiko, washonaji wanaouza vikwembe kwa picha za simu, na mafundi wa Katanga wanaochonga malakiti na kutafuta wanunuzi nje ya nchi. Wote wanafanya kazi kwa rangi, na wengi wamenunua skrini kwa kutazama mambo mawili tu: ukubwa wake na bei yake. Makala hii inaeleza mambo mengine ya kuangalia kabla ya kutoa pesa, na namna ya kuipima skrini ukiwa ungali dukani.

Skrini inayovutia zaidi dukani

Ukiingia duka lolote la kompyuta, skrini zimepangwa sambamba na zote zinaonyesha picha zenye rangi kali: maua, samaki wa baharini, majengo ya usiku. Jicho linakimbilia ile inayong'aa kuliko zote, na watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo sababu skrini nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na mwanga wa juu kabisa, nyeupe yenye kuelekea bluu, na rangi zilizoongezwa nguvu.

Kwa mtu anayetazama filamu hakuna ubaya. Kwa mtu anayechapisha ni mtego. Ukirekebisha picha kwenye skrini yenye mwanga mkali mno, utaipunguzia picha mwanga ili ikupendeze, kisha karatasi itatoka na giza. Skrini ikielekea bluu, utaongeza manjano bila kujua, na bibi arusi atatoka mwenye uso wa manjano. Kosa liko kwenye kioo, lakini linaonekana kwenye karatasi, na mteja anamlaumu fundi.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama skrini ni nzuri. Swali ni kama inaonyesha rangi ile ile iliyoandikwa kwenye faili. Jambo hilo linapimika.

Namba za kusoma kwenye kartoni

Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza kipimo kimoja cha rangi kwa skrini na intaneti, kinachoitwa sRGB. Mwaka 1999 kikawa kipimo cha kimataifa. Mpaka leo, picha nyingi za kamera na simu, kurasa za intaneti, na faili nyingi zinazopokelewa na mashine za kuchapa picha zinafuata kipimo hicho. Kwa studio ya Likasi, skrini inayofikia sRGB kwa asilimia 100, au karibu sana na hapo, inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Tatizo ni kwamba kartoni nyingi zinaandika namba nyingine: NTSC. Hicho ni kipimo cha zamani, kilichotokana na televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953. Ukiona "72% NTSC", usifikiri kwamba skrini ina upungufu, kwani upana huo wa rangi unakaribiana na sRGB nzima. Lakini ukiona "45% NTSC", kama ilivyo kwenye kompyuta nyingi za mkononi za bei ya chini, jua kwamba skrini hiyo inafikia kama theluthi mbili tu za sRGB. Nyekundu ya kikwembe itaonekana kama imefuliwa mara nyingi, na hakuna kitufe kinachoweza kuirudisha.

Jambo la pili ni aina ya paneli, yaani kile kioo chenyewe cha ndani. Aina tatu ndizo zinazopatikana zaidi. TN ni ya bei nafuu, lakini rangi zinabadilika ukiinua au kuinamisha kichwa kidogo. VA ina nyeusi nzito na inapendeza kwa filamu, ila sehemu zenye giza hubadilika ukitazama kutoka pembeni. IPS inabakiza rangi karibu zile zile hata watu watatu wakisimama upande huu na ule. Kwa kazi ya picha, tafuta IPS. Mwenye studio mara nyingi anatazama skrini pamoja na mteja aliyesimama begani kwake, na wote wawili wanapaswa kuona picha moja.

Jambo la tatu ni idadi ya ngazi za rangi. Skrini ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, yaani nyekundu, kijani na bluu. Ukizizidisha unapata rangi 16,777,216. Skrini ya biti 6 ina ngazi 64 tu, yaani rangi 262,144, na inajazia zilizobaki kwa kuwashawasha pikseli haraka ili jicho lidanganyike. Kartoni za aina zote mbili zinaweza kuandika "milioni 16.7". Muulize muuzaji kama ni biti 8 kamili, na kama hajui, tafuta namba ya modeli kwenye intaneti kabla ya kulipa.

Jambo la nne ni Delta E. Hicho ni kipimo cha umbali kati ya rangi inayotakiwa na rangi inayoonekana. Umbali wa 1 ni mdogo kiasi kwamba jicho la kawaida linapata shida kuuona. Chini ya 2 ni nzuri kwa kazi ya kulipwa. Ukipita 3, tofauti inaanza kuonekana hata kwa mteja. Baadhi ya skrini za kazi ya picha zinauzwa zikiwa na karatasi ya kiwandani inayoonyesha vipimo vya skrini hiyo hiyo. Karatasi hiyo ina thamani kuliko tangazo lote la kwenye kartoni.

Ziko pia namba ambazo unaweza kuziacha. "Tofauti ya nuru na giza milioni moja kwa moja" hupatikana kwa kupunguza taa ya nyuma wakati picha ni nyeusi, na haihusiani na usahihi wa rangi. Skrini ya IPS ya kweli ina kama 1,000 kwa 1, na hiyo inatosha. Milisekunde chache na hezi nyingi ni kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta. Neno HDR kwenye skrini ya bei ya chini mara nyingi ni neno tu.

Ngozi nyeusi ndiyo mtihani

Picha nyingi za studio za Likasi, kuanzia Kikula mpaka Panda, ni za watu: arusi, komunyo ya kwanza, kupata diploma, kumbukumbu ya marehemu. Ndiyo maana rangi muhimu kuliko zote katika kazi hii ni rangi ya ngozi, na hasa ngozi nyeusi.

Jambo hilo lina historia. Wakati wa filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa inapelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ili mafundi wapimie mashine zao kwa ngozi yake. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Mwaka 2009 profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, nchini Canada, alichapisha utafiti juu yake. Anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika mapema kuhusu filamu kushindwa kutofautisha rangi za kahawia walikuwa wauzaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Katika miaka ya 1990 Kodak ikatoa kadi yenye wanawake wa asili mbalimbali. Kwa miaka mingi, familia za Kiafrika zilikuwa zimekwisha kuzoea picha ambazo nyuso zinapotea, meno na macho vikabaki peke yake.

Filamu imepita, lakini tatizo linaweza kurudi kupitia skrini mbaya. Ngozi nyeusi ina rangi nyingi ndani yake: wekundu kidogo kwenye mashavu, manjano kwenye paji la uso, mwanga wa bluu wa anga unaogusa upande mmoja. Nyingi ya rangi hizo ziko katika nusu yenye giza ya picha. Skrini inayomeza giza inazifanya ziwe doa moja. Fundi akiona doa, anainua mwanga wa uso. Anayelipwa kwa kazi hiyo anamrudishia mama wa watu picha ya binti yake mwenye uso wa kijivu, kana kwamba amepakwa majivu.

Mkongomani aliyeonyesha ulimwengu kile ambacho picha ya Katanga inaweza kubeba ni Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa kituo cha Picha, kinachoandaa maonyesho ya sanaa ya Lubumbashi kila baada ya miaka miwili tangu 2008. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, alichukua watu kutoka picha za kale za nyeusi na nyeupe za wakati wa ukoloni na kuwaweka juu ya picha zake za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Nguvu ya kazi hiyo inakaa katika tofauti ndogo ndogo: kijivu cha mfanyakazi wa zamani kando ya kutu na vumbi la leo. Skrini inayotia wekundu ndani ya kijivu ingeharibu maana yote.

Jaribio la dakika tano dukani

Kabla ya kwenda kununua, weka picha nne kwenye ufunguo wa USB. Ya kwanza ni ya mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa suti nyeusi, iliyopigwa kwa mwanga mzuri. Ya pili ni ngazi ya kijivu inayotoka nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa, ambayo programu yoyote ya picha inaweza kuitengeneza. Ya tatu ni picha ambayo umekwisha kuichapisha, na ikatoka vizuri. Chukua na ile karatasi yenyewe. Ya nne ni ukurasa mweupe mtupu.

Omba muuzaji aunganishe skrini kwa kebo ya HDMI au DisplayPort. Kebo ya zamani ya VGA inaweza kulainisha picha na kubadilisha rangi, kwa hiyo haifai kwa jaribio. Ingia kwenye menyu ya skrini, chagua hali ya sRGB kama ipo, au hali ya kawaida, na uzime kila kinachoitwa rangi hai, tofauti ya kujiendesha au kuongeza ukali.

Sasa fungua ngazi ya kijivu. Je, kijivu ni kijivu tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, au kuna sehemu inayoelekea waridi na nyingine kijani? Je, inapanda polepole, au ina vidato vinavyoonekana kama ngazi za nyumba? Vidato ni dalili ya biti chache au ya marekebisho mabaya.

Fungua picha ya suti nyeusi. Unaona ukosi wa koti, vifungo na mikunjo ya mkono, au ni ukuta mweusi mmoja? Tazama uso. Kisha sogea hatua moja kushoto, moja kulia, na uiname. Uso ukibadilika rangi unaposogea, iache skrini hiyo.

Fungua ukurasa mweupe. Tafuta pembe zenye manjano, upande wenye giza, na pikseli zilizokufa. Skrini nyingi huwa na tofauti kidogo kati ya katikati na pembe. Ikionekana bila kuitafuta, ni nyingi mno.

Mwisho, shika ile karatasi uliyochapisha kando ya skrini, mahali penye mwanga wa mchana lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja. Hazitafanana kabisa, kwa sababu skrini inatoa mwanga na karatasi inarudisha mwanga. Ila zinapaswa kuwa jamaa moja: nyekundu ile ile, ngozi ile ile. Ukiona ni watu wawili tofauti, umepata jibu lako.

Skrini zilizokwisha kutumika

Wengi Likasi wananunua vitu vya okazio, vinavyotoka katika ofisi za Ulaya na kupitia Lubumbashi. Skrini ya okazio inaweza kuwa bahati. Ofisi nyingi zilinunua skrini nzuri za IPS za aina kama Dell UltraSharp, NEC au EIZO, na zikiuzwa baada ya miaka mitano zinaweza kuwa na rangi safi kuliko skrini mpya ya bei ya chini.

Lakini uliza umri. Taa ya nyuma inachoka kadiri inavyotumika, na nyeupe yake inaelekea manjano. Skrini iliyowashwa saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, kwa miaka 5, imefanya kazi saa 10,000. Skrini nyingi za taa za LED bado zina uhai baada ya hapo. Skrini za zamani zenye mirija midogo ya mwanga ndani, zilizotengenezwa kabla LED hazijaenea, zinachoka mapema zaidi na hazifai tena kwa kazi ya rangi. Baadhi ya skrini, kama zile za EIZO, zinaonyesha saa za matumizi ndani ya menyu. Angalia hapo kabla ya kukubaliana bei.

Iache skrini iwake nusu saa kabla ya kuihukumu. Taa ikiwa baridi, rangi haijatulia. Muuzaji akikataa kukupa nusu saa hiyo, tafuta muuzaji mwingine.

Televisheni kama skrini ya kazi ni hatari nyingine. Inapatikana kwa urahisi na ni kubwa, lakini nyingi zinaongeza ukali, zinakata kingo za picha na kubana habari za rangi kwenye maandishi madogo. Inafaa kumwonyesha mteja albamu, si kurekebisha picha zake.

Baada ya kuifikisha nyumbani

Skrini nzuri katika chumba kibaya inakuwa skrini mbaya. Ukuta uliopakwa kijani au rangi ya chungwa unarudisha rangi yake juu ya kioo na ndani ya macho. Ukuta wa kijivu hafifu au mweupe ni bora. Usiiweke skrini mbele ya dirisha, wala dirisha lisiwe nyuma ya mgongo wako. Wakati wa kiangazi, vumbi la Likasi linatua juu ya kioo kila siku. Lipanguse kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo, bila dawa ya vioo yenye pombe.

Punguza mwanga wa skrini. Kwa kazi ya kuchapisha, kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba ndiyo kawaida, wakati skrini nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na 250 au zaidi. Kama huna kifaa cha kupimia, weka karatasi nyeupe kando ya skrini katika mwanga wa chumba unachofanyia kazi, fungua ukurasa mweupe, na ushushe mwanga mpaka vyote viwili vionekane sawa. Chagua pia joto la rangi la kelvini 6500, linaloitwa D65, na gama ya 2.2. Kupunguza mwanga kunapunguza pia umeme unaotumika, jambo ambalo mwenye paneli za jua au jenereta analijua thamani yake.

Umeme unahitaji ulinzi. Wenyeji wanajua namna unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Skrini nyingi zinakubali kati ya volti 100 na 240, lakini kishindo cha umeme unaporudi kinaweza kuua kibadilisha umeme chake. Stabilizateri nzuri ina bei ndogo kuliko skrini mpya. Umeme ukikatika, chomoa kebo, usubiri utulie ndipo uwashe tena.

Kisha kuna kupima. Kuna vifaa vidogo vinavyowekwa juu ya kioo na kusoma rangi, kama vile vya Calibrite na vya Datacolor. Kifaa kinaonyeshwa rangi moja baada ya nyingine, kinalinganisha na ile inayotakiwa, na programu inaandika faili ya marekebisho ambayo kompyuta itaitumia kila siku. Utaratibu wa faili hizo uliwekwa na muungano wa kampuni ulioanzishwa mwaka 1993, uitwao ICC. Ipo programu ya bure inayofanya kazi na vifaa hivyo, DisplayCAL, inayotegemea kazi ya bure nyingine iitwayo ArgyllCMS.

Kifaa kipya kinaanzia dola za Marekani mia moja na zaidi, na studio moja inaweza kuona ni kingi kwa kitu kinachotumika mara moja kwa mwezi. Hapo likelemba inafaa. Tuseme kifaa kinauzwa dola 200: mafundi watano wakitoa dola 40 kila mmoja, wananunua kimoja na kukizungusha. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: skrini tano za mji mmoja zinaanza kusema lugha moja, na kazi inaweza kutoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine bila kubadilika sura.

Wino una mipaka yake

Hata skrini sahihi haiwezi kuondoa mipaka ya wino. Skrini inajenga rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inajenga kwa wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Bluu angavu na kijani kikali cha skrini vingine havifikiwi na wino wa kawaida. Ndiyo maana bluu ya bendera inayoonekana safi kwenye kompyuta inageuka zambarau kwenye kaliko: ndani yake kuna majenta nyingi kupita kiasi. Wachapaji wenye uzoefu huacha pengo la angalau pointi 30 kati ya samawati na majenta wanapotaka bluu ibaki bluu.

Katiba haikutoa namba, kwa hiyo njia salama ni kuchapisha kipande kidogo cha kaliko chenye bluu tatu au nne, kuzipa namba, na kumwomba mteja aweke sahihi kwenye ile anayoitaka. Kipande hicho kinabaki ukutani. Kazi ikipelekwa Lubumbashi, umbali wa kilomita zipatazo 120, kipande kinasafiri pamoja na faili. Kurudisha kazi kwa sababu ya rangi kunagharimu safari mbili za barabara.

Simu nayo inaleta ugomvi. Mteja anapokea picha kwa WhatsApp, anaitazama kwenye simu iliyowekwa katika hali ya rangi kali, anaipenda, kisha anaona karatasi na kusema imepauka. Fundi amwonyeshe mteja picha kwenye skrini ya studio iliyopimwa, au kwenye karatasi ndogo ya majaribio, na makubaliano yafanyike hapo.

Pesa zitumike wapi

Kwa anayeanza, mpango unaoeleweka ni huu. Skrini ya inchi 24, IPS, biti 8, inayofikia sRGB nzima, yenye pikseli 1920 kwa 1080 au 1920 kwa 1200. Mwenye nafasi zaidi achukue inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440. Skrini zenye upana mkubwa zaidi wa rangi, zinazoandikwa Adobe RGB au P3, ziwe za wale wanaochapisha kwa mashine zinazoweza kufikia rangi hizo na wanaojua kutumia faili za ICC. Bila hayo, skrini hiyo itaonyesha picha za kawaida zikiwa na nyekundu ya kupita kiasi, na mwenyewe atairekebisha vibaya.

Kati ya skrini kubwa isiyo sahihi na ndogo iliyo sahihi, chukua ndogo. Kati ya kompyuta yenye nguvu na skrini ya ovyo, au kompyuta ya wastani na skrini ya kweli, chukua ya pili: kompyuta ya wastani itakuchelewesha, skrini ya ovyo itakurudisha kuanza upya.

Mji uliokuwa ukiitwa Jadotville umeishi zaidi ya miaka mia moja kwa kusoma rangi. Kijani cha malakiti kinaonyesha shaba, na jiwe jeusi la heterojenaiti linaonyesha kobalti. Hata hivyo hakuna mnunuzi makini anayelipa mzigo wa mawe kwa kutazama rangi tu: anapeleka sampuli maabara kwanza. Anayenunua skrini kwa ajili ya kazi ya rangi naye afike dukani na ufunguo wa USB na karatasi yake mkononi, apime, ndipo atoe pesa.